Jabir, Mama Yake na Ngao ya Angani

Jabir aliishi Bladensburg, mji mdogo karibu na Washington, Marekani, na mkewe Sabiha na binti yao Fatma, mwenye miaka saba. Alikuwa dereva wa basi, mchapakazi, ila kuandika barua kulimshinda. Kwa hiyo kila mwezi alirekodi sauti kwenye kaseti na kumpelekea mama yake Unguja.

Mwaka 1985, kaseti ya mama ilikuja na maneno mazito.

"Redio inasema Marekani na Urusi wanaelekezeana makombora. Mleteni mjukuu wangu huku."

Jabir angeishije bila Fatma? Palepale akawasha redio ya kaseti, akaanza kurekodi.

"Mama, usitie shaka. Marekani wana ngao ya angani. Halipiti hata kombora moja!"

Jirani yao Wambura, mtu wa Musoma, alikuwa mezani anakunywa chai. Alisomea uhandisi chuo kikuu, kule mtaa wa Shaw, Washington.

"Kaka Jabir, zima kwanza. Ngao hiyo umeiona wapi?"

"Kwenye tivii."

"Ile ni michoro. Yenyewe bado haipo. Jeshi limejaribu mara nne kugonga kombora huko juu. Mara tatu limekosa, mara moja limepata."

"Si limepata?"

"Ndiyo, na si kazi ndogo. Lakini walijua linatoka wapi na lini. Kipa akitajiwa kona ya penalti, kisha akadaka moja kati ya nne, utasema hafungiki? Vitani adui hakutajii. Atarusha mengi kwa pamoja, na ya bandia humohumo. Ukizuia tisini katika mia, kumi yanaanguka."

Sabiha alishika kichwa. "Basi tumpeleke mtoto?"

"Sijasema hivyo, dada. Miaka yote hii hayajarushwa, na wakubwa wa nchi hizo mbili wanakutana Geneva kuzungumza. Mimi mwenyewe nipo hapa na wanangu. Ila mtu akikusifia chombo, muulize: kimejaribiwa mara ngapi, na katika hali gani?"

Jabir aliona haya. Akairudisha kaseti mwanzo, akarekodi upya.

"Mama, wanasema Marekani wana ngao ya kuzuia makombora, lakini bado haipo, na ikija sijui itazuia mangapi. Tunaomba wasirushe. Fatma ana afya, anasoma. Tunakuomba abaki nasi."

Wiki sita alisubiri. Hatimaye kaseti ikafika. Wote watatu wakaisogelea redio.

"Jabir mwanangu," sauti ya mama ilisema, "ungeniapia kwamba halipiti hata kombora moja, ningepanda ndege nije kumchukua. Tangu udogoni, ukiapa najua unaficha jambo. Safari hii umesema hujui. Basi abaki."

Sabiha akapiga vigelegele hadi Wambura akaja kugonga mlango.