Barafu Iliyozama

Kila alasiri, akishavua sare na kufua soksi, kazi ya Kwanini ilikuwa kumwangalia mdogo wake, Bonge, ili mama yao apate nafasi ya kufua nguo uani. Jina la Kwanini alibandikwa na baba yake, fundi rangi, kwa sababu tangu alipojua kusema hakuchoka kuuliza. Siku ile, hata hivyo, alikuwa amechoshwa na kila kitu. Mafua yalikuwa yameziba pua yake, hata kitunguu hakukisikia harufu. Bonge naye kamasi zilimfika kidevuni. Na juu ya hayo yote, kulikuwa na kazi ya mwalimu wa sayansi.

"Maji yakiganda hutanuka," mwalimu alikuwa amewaeleza. "Ndiyo maana barafu ni nyepesi kuliko maji ya ujazo uleule, nayo huelea. Lakini ukiitia kwenye kimiminika chepesi kuliko yenyewe, itazama. Jaribuni nyumbani kwa vitu vinavyoliwa na kunywewa tu, kisha mniambie mlichokiona."

Kwanini akapanga bilauri mezani. Kwenye maji, barafu ikaelea. Kwenye maji ya chumvi ikaelea juu zaidi, kana kwamba inamcheka. Maziwa, chai baridi, yaleyale. Mafuta ya kupikia yalimpa tumaini: kipande kilididimia karibu chote, kisha kikabaki kimetoa utosi.

"Zama basi!" akafoka. "Unataka nikupigie magoti?"

Mama akachungulia mlangoni, mikono imejaa povu. "Wewe mtoto! Maziwa ya kesho ndiyo umeyatia barafu? Na mafuta yangu!"

"Ni kazi ya shule, mama."

"Shule gani hiyo inayonimalizia jiko? Ondoa vitu vyako hapo!"

Kwanini akanuna. Alianza kuondoa bilauri huku akiwaza kwamba kesho angesema tu barafu ilizama kwenye mafuta. Nani angejua?

Baba akaingia kutoka kazini, akatua mfuko wake na chupa mezani, akapitiliza kwenda kuoga. Hapo Bonge akaanza kuvuta gauni la dada yake.

"Dada, maji! Ya barafu!"

"Subiri."

"Sasa hivi! Ya barafu!"

"Huyu mtoto atanitoa roho," Kwanini alinung'unika. Akashika chupa ya maji iliyokuwa karibu, akamimina nusu bilauri, akatupia kipande cha mwisho cha barafu. Ko! Kikagonga chini, kikatulia hukohuko.

"Imezama!" akapiga kelele. "Bonge, imezama kwenye maji!"

Bonge hakujali. Alikwisha kuikamata bilauri kwa mikono miwili, anaipeleka mdomoni. Furaha ya Kwanini ikakatika ghafla. Kwenye maji barafu haizami. Kama imezama, basi haya si maji!

Akaipiga bilauri kwa kiganja. Ikaruka, ikapasuka sakafuni. Bonge akaangua kilio, na mama akaja mbio.

"Umemfanya nini mwenzio?"

"Mama, nusa! Mimi pua imeziba, nusa wewe!"

Mama akainama, akarudi nyuma kama aliyepigwa kofi. "Tina!"

Ilikuwa tina ya fundi, ile ya kuzimulia rangi na kuoshea brashi. Mama akamnyakua Bonge, akamnusa mdomo, akamnusa tena. Hakuwa ameonja hata tone. Akafungua madirisha yote.

Baba akatokea na taulo kiunoni, sabuni masikioni. "Kuna nini tena?"

"Baba Bonge, mara ngapi? Nimekuambia mara ngapi?" Mama alikuwa karibu kulia kwa hasira. "Sumu kwenye chupa ya maji! Mezani! Na mtoto hajui hata kusoma!"

"Kopo lilivuja, nikaihamisha kwa muda tu..."

"Kwa muda! Kwani mtoto huchukua muda kufa?"

Baba alitoka na chupa ile, akaimimina kwenye kopo jingine lenye kifuniko cha kukaza, akaliandika SUMU kwa rangi nyekundu, akalifungia ndani ya sanduku la vifaa nje. Aliporudi, akachutama mbele ya binti yake.

"Ulijuaje?"

"Barafu ilizama, baba. Nami nilikuwa nimeshaona kwa macho yangu kwamba kwenye maji huelea." Akainamisha kichwa. "Nusura kesho nimdanganye mwalimu kuhusu mafuta."

"Usimdanganye," baba akasema kwa sauti ya chini. "Mwambie ulichokiona, usiongeze wala usipunguze. Leo ungekuwa umejidanganya mwenyewe, tungekuwa na msiba. Na mimi nimejifunza: kazi niliyoizoea ilinisahaulisha hatari yake. Chupa ya maji ni ya maji. Sumu ina chombo chake, tena huandikwa na kufungiwa, hata kama ni kwa dakika moja."

"Umesema vema," mama akadakia, fagio mkononi. "Sasa nenda kavae, na uangalie unapokanyaga. Vipande vya bilauri vimetapakaa kila mahali."