Utabiri Uliobaki Mfukoni

Maiti ilikuwa imekaa kitako chini ya mwamba, mikono imefichwa kwapani, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Shati la mikono mirefu, sweta jepesi, suruali iliyogandamana na miguu. Pembeni yake palikuwa na mkoba mkubwa wa mgongoni, kamba zote zimefungwa.

Inspekta alipiga magoti, pumzi zikimtoka kwa mafungu. Hakuwa mtu wa milima huyu mama. Alikuwa mtu wa sebuleni, wa birika kubwa la chai na viti visivyotosha wageni, na nusu ya kesi zake alizitatua kwa kuwaacha watu waongee mpaka wajisahau. Hapa hapakuwa na wa kuongea. Akaufungua mkoba.

"Andika, kuanzia juu," alimwambia Sajenti. "Taulo. Nguo za kulalia. Sufuria. Chakula cha siku mbili. Halafu chini kabisa..."

Akalivuta. Koti la mvua, zito, limekunjwa pembe kwa pembe ndani ya mfuko wa plastiki. Kavu.

Kucha mbili za marehemu zilikuwa zimevunjika, na kwenye kifungo cha mkoba palikuwa na mikwaruzo mipya. Alijaribu kufungua, vidole vikagoma kwa baridi.

"Huyu alikuwa mfamasia," Inspekta alisema. "Mtu wa kupanga dawa rafu kwa rafu. Angeambiwa asubuhi kwamba mvua inakuja, koti angeliweka wapi?"

Sajenti alilitazama koti, akautazama mkoba.

"Juu, afande."

Shida ni kwamba, kwa maelezo yaliyokwisha kuchukuliwa, mfamasia aliambiwa.

Walipanda watu watatu. Mfamasia, shemeji yake kinyozi, na Kiongozi, mtu aliyekuwa akipeleka watembezi mlimani kwa miaka kumi na tano. Mpango wao ulikuwa kulala kwenye kibanda cha katikati, kisha kuvuka mgongo wa mlima siku ya pili. Huko juu simu hazishiki. Kila asubuhi kiongozi huongea na geti kwa redio, huandika utabiri kwenye karatasi ya safari, huwasomea watu wake, na mpango ukibadilika wote hutia sahihi. Ni kazi ya dakika tano, na hakuna anayeiruka.

Kiongozi alikuwa ameikabidhi karatasi yake mwenyewe, imekunjamana, imekauka kwa mawimbi. Mistari mitatu ya mwisho ilisomeka wazi: *Dhoruba kali kuanzia saa saba mchana. Nimeshauri tushuke kwa njia ya msituni. Mfamasia amekataa, amekataa pia kutia sahihi.*

Alisimulia yaliyofuata akiwa ameinamisha kichwa. Dhoruba iliwakuta juu, radi, mvua ya mawe, upepo wa kumlaza mtu. Kinyozi aliteleza akavunjika mguu. Kiongozi akambeba mgongoni, akamwambia mfamasia afuate nyuma. Alipogeuka, nyuma palikuwa na ukungu mtupu.

Mji mzima ulimwita shujaa. Na mji mzima ulishajua nani wa kulaumiwa.

Msibani nyumba ilikuwa imefurika, viatu vimejaa mpaka kwenye ngazi. Inspekta aliingia kwa mlango wa jikoni, akavua saa, akaanza kuosha vikombe. Haikupita robo saa akawa ameshasikia yote. Marehemu alikuwa mbishi tangu shule. Marehemu hakuwahi kusikia la mtu. Masikini shemeji yake, kijana wa watu, mguu umewekwa vyuma kwa ajili ya ubishi wa mwingine.

Mjane alimkuta kwenye beseni la vyombo. Macho yake yalikuwa makavu, na ukavu huo ulimtisha Inspekta kuliko machozi.

"Dada, wanaponipa pole hawanitazami usoni," alisema kwa sauti ya chini. "Ndugu yangu wa tumbo moja hataki kusikia jina la mume wangu. Nikilia naonekana namlilia aliyemvunja mguu. Niambie kitu kimoja tu. Ni kweli alikataa?"

"Sijui bado."

"Kama ni kweli, niambie. Nitambeba hivyo hivyo. Lakini nijue."

Inspekta alikausha kikombe kilichokuwa kimekauka zamani.

Kinyozi alikuwa hospitali, mguu umeninginizwa, mdomo mzima kabisa. Wauguzi walikuwa wakipitia kitandani kwake kuchukua habari za mji. Alimkaribisha Inspekta kama yuko dukani kwake, akamwambia nywele zake za kisogoni zimekatwa na adui.

Alipoulizwa kuhusu asubuhi ile, mzaha ulimtoka. Wakati wa redio yeye alikuwa kijitoni akiosha sufuria, hakusikia kitu. Aliporudi alikuta safari imeiva. Kiongozi aliwakimbiza, akamwaga hata maji ya chai yaliyokuwa yanaanza kuchemka. Utabiri aliusikia mara ya kwanza kitandani hapa hapa, Kiongozi alipokuja kumwona.

"Nani alikuwa na haraka? Shemeji yako?"

"Shemeji? Yule alikuwa anasugua meno kama anasugua sakafu ya msikiti. Haraka ilikuwa ya Mwavuli."

"Mwavuli ndiye nani?"

"Kiongozi, dada. Jina la kazi." Alicheka, akashika mguu kwa maumivu. "Mimi ndiye niliyembatiza. Mwaka jana si aliwateremsha watu kumi na wawili siku ya pili, eti dhoruba? Jua likawaka wiki nzima. Wamenunua viatu, wameomba likizo, wamerudi nyumbani na soksi safi. Nilimweka kwenye kiti changu nikamwambia, wewe si kiongozi, wewe mwavuli, wingu likipita tu unafunguka. Duka zima lilianguka kwa kicheko."

Inspekta naye alitabasamu. Kisa hicho kilishafika sebuleni kwake. Aliondoka nalo tabasamu hilo mpaka kwenye korido, na hapo likamkauka usoni.

Karani wa redio kule getini alithibitisha: alitoa onyo saa kumi na mbili kamili, akashauri washuke, akajibiwa "nimepokea". Uchunguzi wa maiti ulisema baridi kali, bila jeraha la kupigwa. Karatasi ya safari ilirudi kutoka maabara na ripoti ya ukurasa mmoja. Inspekta aliisoma mara mbili, akamwita Kiongozi saa tatu asubuhi.

Alikuja mwenyewe, amenyoa, shati limepigwa pasi. Alielezwa kuwa ana haki ya kunyamaza. Akasema hana cha kunyamazia.

"Karatasi ilikuwa wapi wakati wa mvua?"

"Mfuko wa kifuani."

"Ililowa?"

"Afande, nililowa mpaka mifupa."

"Utabiri uliuandika lini?"

"Asubuhi. Kibandani, baada ya redio."

"Kabla ya mvua."

"Kabla."

Inspekta aliiweka karatasi mezani, akaigeuza imwelekee.

"Tarehe imechuruzika. Majina yenu yamechuruzika. Njia ya siku ya kwanza siisomi hata kwa miwani. Kalamu moja, wino mmoja. Mistari mitatu ya mwisho ni misafi, tena wino umepita juu ya mikunjo. Uliandika karatasi ikiwa imeshakauka."

Kiongozi aliigusa mistari ile kwa kidole. Mabega yake yakashuka polepole, kama ya mtu anayetua mzigo.

"Niliandika hospitali," alisema. "Kwenye benchi, nikisubiri kinyozi atoke kufungwa mguu."

"Mfamasia alikataa nini?"

"Hakukataa kitu. Sikumwambia."

Sajenti aliandika neno kwa neno.

"Yule dada wa redio nilimsikia vizuri," Kiongozi aliendelea. "Nikatoka nje. Mbingu nyeupe, hata wingu la kusingizia hakuna. Mfamasia ananitazama na mswaki mdomoni. Akaniuliza, 'Vipi, Mwavuli, tufungue au tufunge?' Hakuwa na ubaya. Alikuwa anacheka tu. Nikaona nikimwambia tushuke, nikashuka nao, na jua likawaka tena, siwezi kuishi kwenye mji huu. Nikamwambia njia nyeupe."

"Ukawakimbiza."

"Nilipiga hesabu. Bila chai, saa sita tumeshavuka. Nilidhani tutawahi. Ikaja saa tano." Alifunika uso, akaufunua. "Alikuwa ananifuata, afande. Alikuwa ananiamini. Mtu aliyekuwa ananiamini nikamwandikia kuwa mbishi."

"Kwa jina tu," Sajenti alisema, akajutia kusema.

"Wewe hujaitwa. Sokoni. Mlangoni mwa shule ya mwanangu. Kila aliyenipita alikuwa na utani wake."

"Nani hasa?" Inspekta aliuliza. Lilikuwa swali la kazi, lilimtoka lenyewe.

Kiongozi alimtazama kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Hakumtazama kwa chuki.

"Hata wewe, afande. Ulikuja getini na wageni wako, gari mbili. Ukaniita kwa sauti, 'Mwavuli, leo tunalowa?' Wakacheka wote. Na mimi nikacheka."

Hakukumbuka. Alitafuta siku hiyo kichwani mwake, akapata wageni, akapata chakula, akapata kicheko. Uso wa mtu wa getini haukuwemo.

Sajenti alikuwa ameinua kalamu hewani.

"Andika," Inspekta alimwambia.

"Na hilo, afande?"

"Hilo ndilo la kwanza."

Kiongozi alishtakiwa kwa kusababisha kifo kwa uzembe na kwa kughushi. Alitia sahihi bila kusoma, akauliza kama mjane ameshaambiwa. Inspekta akajibu anakwenda sasa hivi.

Msibani watu walikuwa wamepungua. Kinyozi alikuwa ameruhusiwa kutoka hospitali asubuhi ile, amelazwa chumba cha ndani, mlango wazi. Mjane alisimama alipomwona Inspekta.

"Hakukataa," Inspekta alisema. "Hakuambiwa kitu."

Mjane alishika ukingo wa meza. Machozi yalikuja yote kwa pamoja, na hakuyaficha. Alilia kwa sauti mpaka majirani wakainuka, naye akawaashiria wakae. Alipopata pumzi aliuliza kwa nini. "Mume wangu alimkosea nini yule mtu?"

"Kitu kidogo. Tulichomkosea wote."

Kutoka chumba cha ndani kinyozi aliita, sauti imepwaya: "Dada afande, Kiongozi amesema kwa nini?"

Mjane alijifuta uso, akabeba kiti kwa mikono yake mwenyewe, akakiweka mlangoni pa chumba, ambapo wote wawili wangesikia.

"Kaa hapa," alisema. "Utuambie wote."

Inspekta alikaa. Akaanza na siku aliyocheka yeye.