Mzigo wa Saa Saba

Harufu ilianza siku ya tatu baada ya Levina kupitisha bajeti yake ya kwanza. Ilikuwa harufu ya jasho la mtu aliyetoka mbali, pamoja na tumbaku kavu. Ilikuja saa saba mchana, wafanyakazi wakiwa wamekwenda kula, ikakaa ofisini kama mtu anayesubiri kuitwa. Levina alidhani ni mapazia, akafungua madirisha.

Isangamilo ni mji mdogo kwenye njia ya kale ya misafara, ukitoka Tabora kuelekea Ujiji. Levina, mkurugenzi mpya, aliukuta na shida mbili na fedha za shida moja: kuchimba mtaro wa kuzuia mafuriko sokoni, na kuhamisha makaburi ya wapagazi ambayo mtaro ungeyapitia. Akachagua mtaro. Mzee Shomari wa idara ya ardhi alimweleza taratibu kwamba watu wale walikufa na mizigo vichwani, wakafukiwa palepale walipoanguka. Levina akamjibu kwa heshima kwamba wafu hawana haraka. Hakuwa na roho mbaya, maskini. Mwaka uliopita mafuriko yalichukua watoto wawili.

Jumatatu tingatinga likachimba.

Levina aliishi na mama yake, Martha, aliyemsomesha kwa kubeba kuni kutoka msitu wa Ipole mpaka utosi ukaota sugu. Watu husema mzigo mzito mpe Mnyamwezi, kisha hucheka; sijamsikia anayeuliza nani atamtua. Jumanne jioni Martha alisimulia kwamba adhuhuri aliingia mgeni mwembamba, vumbi hadi magotini, amebeba mzigo, hasemi. Naye akafanya kama alivyolelewa: mwenye mzigo haulizwi jina kabla ya kutuliwa. Alimtua. Mgeni akaondoka mikono mitupu.

"Na mzigo uko wapi, mama?"

"Huu hapa," akasema Martha, akigusa kichwa chake.

Levina aliogopa uzee wa mama yake, hakumwogopa mgeni. Akapanga kumpeleka hospitali Ijumaa.

Alhamisi saa saba alipita nyumbani kuchukua faili. Harufu ilimpokea mlangoni, nzito kuliko ya ofisini, na uani njuga zikawa zinalia polepole, na hatua za watu wengi waliochoka zikawa zinapita, zinapita, bila mtu kuonekana, na katikati ya sebule mama yake alikuwa amesimama mikono juu, shingo imezama mabegani, jasho likilowesha kanga, ameshikilia hewa tupu, na hapohapo simu ikaita, wakubwa wa mkoani wakiuliza habari za mtaro.

"Nitue, mwanangu," Martha alinong'ona. "Mzigo huu mtu hajitui peke yake."

"Subiri kidogo, mama."

Alitoka barazani akaongea dakika nne. Aliporudi, mama alikuwa sakafuni, shingo imevunjika, na kwenye mvi zake palikuwa na alama ya duara, kama ya kata ya kubebea mzigo.

Baada ya mazishi fedha za makaburi zilipatikana, maana zikitakiwa kweli hupatikana. Mifupa ikahamishwa, shehe akasoma dua, mchungaji akaomba, ubani ukafukizwa. Harufu ikaisha. Watu wakashukuru kwamba jini limeondoka. Shomari peke yake hakushukuru.

"Wale wamepumzika," alimwambia Levina. "Ila mzigo mmoja aliupokea mama yako. Naye hakutuliwa."

Levina alilia mbele yake bila kuficha uso. Kesho yake, saa saba, aliwaruhusu wote wakale, akabaki ofisini peke yake. Barazani zikasikika ndala zikiburutwa, ndala alizozijua tangu utotoni. Akasimama, akainua mikono.

"Samahani, mama. Nipe, nikutue."

Saa nane Shomari alibisha hodi akaingia. Mkurugenzi alikuwa bado wima katikati ya ofisi, mikono juu, shingo ikitetemeka, machozi yakimdondoka hadi kifuani.

"Mzee, rudi nje," alisema kwa sauti ndogo. "Nakuomba, usinitue. Acha mzigo uishie kwangu."

Lakini Shomari alikuwa mtu wa malezi mema. Mikono yake ilikuwa imekwisha kuinuka.