Aingie Bila Hodi

Kidosho ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa amelala kifudifudi zuliani na simu ya mama yake, akirudia video ya asubuhi ile, mara akauliza, "Mama, nani huyu nyuma ya pazia?"

Mama yake, fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Mapazia, hakuinua hata kichwa. "Nyuma ya pazia kuna dirisha, na dirisha lina nondo. Labda panya."

"Panya ana miguu ya mtu?"

Cherehani ikanyamaza. Mwanamke yule alipenda sifa jamani, tuseme ukweli. Kila pazia aliloshona alilitundika sebuleni kwake, akajirekodi, akarusha mtandaoni, na kila video aliianza kwa maneno yale yale ya madaha: "Karibuni nyumbani kwangu! Mlango uko wazi, anayetaka aingie bila hodi!" Watu wakapenda, wakasambaziana. Sasa aliitazama, na chini ya pindo la pazia jekundu akaona miguu miwili, visigino vikielekea kwake. Sebule ilikuwa inanuka nywele zilizoungua.

"Baba Kidosho!" aliita. "Njoo upesi!"

Mumewe, mchomeleaji mageti, mtu wa mabavu, aliingia akicheka. "Wewe na mtandao wako mtanitia wazimu," akasema, akalishika pazia alivute.

Pazia likamshika yeye. Likajisokota mkononi mwake hadi begani, likapinda, likapinda tena, mpaka mfupa ukavunjika kwa mlio wa kuni kavu, naye akapiga yowe ambalo mkewe hakuwahi kulisikia kwa mwanamume, kisha akarushwa juu ya cherehani, uso ukachanika, na kabla mama hajamfikia, kitu kisichoonekana kikamkamata Kidosho kifundo cha mguu, kikamburuta, kikampandisha ukutani kichwa chini, damu ikimchuruzika pale kucha zilipozama, mtoto analia "Mama! Mama!" na mama amemng'ang'ania mikono, wanavutana, na kila akivuta mtoto anazidi kupanda.

Majirani waliosikia yowe walikimbia kumwita mganga, bibi mfupi mwenye hasira za karibu. Hakufukiza chochote. Alisimama mlangoni akauliza, "Wewe, nani kakukaribisha humu?"

Jibu lilitoka ndani ya pazia, kwa sauti ya Bi Mapazia mwenyewe: "Mlango uko wazi, anayetaka aingie bila hodi!"

"Mdomo uliponza kichwa," mganga alinong'ona. "Umemwita mwenyewe, mwanangu. Neno hilo kila likisikika humu ndani ni ruhusa mpya. Lifute, halafu mfukuze kwa kinywa chako."

Bi Mapazia alifuta video zote kwa mkono mmoja, wa pili haujamwachia mwanawe. "Nimeghairi! Wewe si mgeni wangu! Toka! Toka kwangu!"

Kioo cha dirisha kikapasuka, nondo zikapinda kwa nje, na Kidosho akamwangukia mama yake kifuani, mzima. Mama akalia bila aibu mbele ya majirani.

Kesho yake mchana mume alikuwa bado hospitali. Bi Mapazia alimfunga Kidosho bandeji nyeupe mguuni, akamlaza chumbani. Mapazia yote alikuwa ameyachoma moto, isipokuwa moja la mteja, alilolitundika kwenye mlango wa chumba hicho lisikunjamane. Mali ya watu haichomwi, alijiambia.

Mteja mwenyewe akabisha hodi, akaingia na simu mkononi. "Pole na matatizo, shoga. Ila umekuwa maarufu, wewe! Watu waliihifadhi video yako, iko kila kona. Hebu sikiliza."

"Usifungue!"

"Karibuni nyumbani kwangu!" ilisema simu. "Mlango uko wazi, anayetaka aingie bila hodi!"

Bi Mapazia aliipokonya, akaibamiza sakafuni, akaiponda kwa kisigino mpaka ikanyamaza. Harufu ya nywele zilizoungua ikaja hata hivyo.

"Nimeghairi," akasema haraka haraka. "Si mgeni wangu. Toka."

Kutoka kwa jirani, ng'ambo ya ukuta, mtu akacheka, na sauti yake mwenyewe ikasikika kwenye simu nyingine: "Karibuni nyumbani kwangu!"

"Kidosho?"

Pazia la mteja likatikisika, likatulia. Chini ya pindo lake kulikuwa na visigino viwili vikubwa, na kando yake viwili vidogo, kimoja kimefungwa bandeji nyeupe.