Sauti ya Tano

Wimbo wa nne ulipofika katikati, mwanamke akaanza kuimba, na Rachid akajua mambo si shwari, maana bendi ile haikuwa na mwanamke.

Albamu hiyo, Nyumba Bila Taa, aliijua kama kiganja chake. Kazi yake sokoni Rumonge ilikuwa kuwawekea watu nyimbo kwenye simu na flashi, na muziki wa harusi ulikuwa umemkinaisha. Hii waliipiga vijana waliorudi kutoka Tanzania, ndani ya ghala tupu la mawese kule Nyanza-Lac. Wenyewe waliiita roki, majirani wakasema ni ya shetani, na hakuna aliyeitaka. Wajinga watupu! Gitaa linakokota miguu kama mtu anayetoka kuzika, ngoma zinachelewa makusudi, na mwimbaji haombi kuhurumiwa. Anaisema huzuni yake, kisha anakuachia nafasi ukae kando yake. Mama yake Rachid alipofariki, hakuna aliyemfariji kama wanaume wale wanne.

Alimpigia simu Leonsi, mpiga gitaa wao wa zamani, siku hizi mwalimu.

"Amahoro, mwalimu. Mule mu wimbo wa ine, iko mwanamuke anaimba?"

"Alikuwa anaimba mule mu ghala," Leonsi alinong'ona. "Sisi wote tulimusikia. Lakini mu albamu hakuingia. Ndugu yangu, hiyo muziki uiache."

Hakuiacha. Aliipenda mno.

Alasiri hiyo aliipiga nyumbani kwa spika. Harufu ya mawese yaliyooza ikajaa sebuleni, na mkewe Mariyamu alipomwita binti yao Raisa aje kula, sauti ilitoka nusu. Kesho yake ikabaki mnong'ono. Na kila albamu ilipopigwa, mwanamke wa wimbo wa nne alizidi kusikika, hadi Rachid akamtambua: ni sauti ya Mariyamu, na namna yake ya kuvuta mwisho wa maneno.

"Papa Raisa," mkewe alimwambia kwa shida, ameshika koo, "iko mutu ananivuta hapa."

Rachid alifuta kila kitu mbio mbio, lakini kwa miezi mingi alikuwa akiwapa wateja albamu nzima kama matabishi, ile nyongeza ya muuzaji ili mteja arudi, kwa kuwa alitamani watu waipende kama yeye, na sasa, akiwa amemkumbatia mkewe, aliisikia ikitoka kwa kinyozi, ikitoka kwenye basi la kwenda Gatete, ikitoka kwa akina mama wanaoanika ndagala, dagaa wa ziwani, na kila ilipofika wimbo wa nne Mariyamu alikakamaa, midomo ikawa myeupe, pumzi ikawa inafuata ile sauti.

Maalimu Nasoro, mwalimu wa madrasa mtaani kwao, aliitwa, akaja na udi, akasomea maji, akayanyunyiza pembe zote.

"Wewe ni nani?" alimuuliza yule aliyemkaba Mariyamu.

Spika iliyozimwa ikajibu kwa sauti ya Mariyamu. "Niliimba nao mu ghala. Hawakunipokea. Watu wanapita tu, hawasikilize. Mutu mumoja tu alinisikia."

"Na unataka nini?"

"Yeye anisikilize."

Maalimu alimshika Rachid mkono. "Usijibu, mutoto wangu," alinong'ona. "Nipe wakati, nitamufukuza."

Lakini kifua cha Mariyamu kilikuwa kimeacha kupanda, na Raisa alikuwa akimtikisa mamake akilia. Rachid aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

"Murudishie sauti yake," alisema. "Nitakusikiliza mimi."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Harufu ikakatika. Mariyamu akavuta pumzi ndefu, akaketi, Raisa akamrukia shingoni, na Maalimu akainua mikono kushukuru. Kisha Mariyamu akamgeukia mumewe, machozi yakimtiririka, akaanza kumwambia jambo refu, la furaha.

Rachid aliitazama midomo yake. Masikioni mwake gitaa lilikuwa limeanza.

"Sema tena," alimwomba, na hata hilo hakulisikia.

Mariyamu akasema tena.