Maji ya Chini ya Vitalu vya Tumbaku

Habari ile ilikuja kisimani kabla jua halijapanda. Jacques, yule Mkongo anayeuza samaki wakavu, ametia sumu kwenye kijito. Jirani yangu Candiru alisema amemwona kwa macho yake. Alikuwa ameinama, na kitu cheupe kama unga kikimtoka mikononi, kikiingia majini.

Habari hiyo haikutoka kichwani mwangu tena. Nilikuwa na sababu. Binti yangu mchanga, Kaltumu, alikuwa anabadilika rangi. Midomo yake ilikuwa ya bluu kama ya maiti. Kucha vilevile. Homa hana, kikohozi hana. Analia kidogo tu, kisha anachoka.

Na kijito chetu hapa Lurujo kilikuwa kimeharibika kweli. Ute wa kijani ulifunika maji mahali tunapoloweka mihogo. Samaki wadogo walielea, tumbo juu. Huo ulikuwa mwaka 1974. Watu walianza kusema Jacques achomewe nyumba, arudi kwao.

Nilimfunga Kaltumu mgongoni, nikaenda kwa Jacques. Sikupiga hodi. Nilimuuliza mbele ya mke wake alitia nini majini.

Jacques hakukasirika.

"Mama Kaltumu, mimi niliosha gunia. Gunia ya mbolea. Tahiru, shemeji yako, alinipa niweke samaki."

"Na ile unga nyeupe?"

"Ile iko mbolea ilibaki ndani. Candiru anaosha gunia yake pale pale. Wewe pia unaosha. Mutu ya Kongo akiosha, ndiyo inakuwa sumu?"

Hasira ilikuwa imenijaa, na sasa sikujua nimtupie nani, kwa sababu alisema kweli. Kila mwaka lori la tumbaku linaleta mbolea. Wanaume wanaweka vitalu vya miche ukingoni kabisa, ili maji ya kumwagilia yawe karibu. Mvua ikipiga, mbolea inateremka. Mbuzi wanafungwa hapo hapo, na samadi yao inateremka. Sisi wanawake tunasuuza magunia kijitoni, kisha tunalowekea mihogo humo humo. Na kisima chetu cha maji ya kunywa tumekichimba chini ya kitalu cha Tahiru.

Mke wa Jacques alishika vidole vya Kaltumu. Akaniambia niache maneno, niende zahanati ya Koboko upesi.

Huko nilimkuta Sista Ayikoru, mkunga. Alitaka kujua mtoto anakula nini. Nilimweleza kwamba nilipata jipu kwenye titi, maziwa yakapungua, kwa hiyo nampa maziwa ya kopo. Maji ya kuyakoroga nachota kisimani.

"Juu ya kisima iko nini?"

"Iko kitalu ya tumbaku, Sista. Lakini maji nachemsha sana. Nachemsha mpaka inapungua."

Aliniambia hapo ndipo nilipokuwa namwumiza mtoto bila kujua. Kuchemsha kunaua wadudu. Chumvi ya mbolea si mdudu. Haifi wala haiondoki. Maji yakipungua sufuriani, chumvi inabaki yote, na maji yanazidi kuwa makali. Mtu mzima anaweza kuyanywa asione kitu. Lakini kwa mtoto mchanga chumvi hiyo inaharibu damu. Damu inashindwa kubeba hewa, na mtoto anakuwa wa bluu. Akiachwa, anakufa.

Alitutafutia gari la kwenda hospitali ya Arua siku hiyo hiyo. Daktari akamdunga Kaltumu sindano ya mshipa. Nilikaa nikitazama midomo yake tu. Polepole rangi ikarudi. Alinyonya kwa nguvu mpaka nikaumia, nami nikalia.

Tuliporudi, Sista Ayikoru alikuja Lurujo kusema na watu wote. Akaeleza ule ute pia. Mbolea ni chakula cha mimea. Ikiingia majini inalisha ute. Ute unanenepa, unakufa, unaoza. Kuoza kwake kunamaliza hewa ya majini, na samaki wanakosa pumzi. Samadi na kinyesi cha watu hufanya vivyo hivyo. Akasema vitalu vihame, viende juu, mbali na maji.

Tahiru alicheka. Miche yake ilisifiwa Koboko nzima kwa ukijani, kwa sababu alitia mbolea mara mbili ya kipimo.

"Shemeji," akaniambia, "tupeleke kitalu juu, halafu maji itapanda yenyewe?"

Wanaume wenzake wakacheka naye. Mtoto wangu nusura afe, nao wanacheka.

"Maji haijapanda yenyewe hata siku moja, Tahiru," nikamwambia. "Inapanda na kichwa yangu. Inapanda na kichwa ya Candiru. Kitalu ikibaki pale chini, utamwagilia wewe."

Kicheko kikakatika. Candiru akasimama akasema na yeye habebi. Mke wa Tahiru akasema hivyo hivyo, akiangalia chini.

Kesho yake hakuna mwanamke aliyeshuka vitaluni. Tahiru akabeba debe mwenyewe, maji yakimwagikia shingoni. Wanawake tulikaa tukimwuliza ataolewa lini, na mahari tulete mbuzi wangapi. Miche ilipoanza kulegea, alikuja kwa mume wangu Hamuza, akasema yaishe.

Vitalu vikahamia juu. Njia ya maji ikawa ndefu, na wanaume wakakubali kubeba pamoja nasi. Ukingoni tuliacha matete yaote, yazuie udongo. Mbuzi walihamishwa. Mbolea inapimwa kwa kopo. Magunia tunasuuza juu shambani, na maji yake tunamwagia mahindi.

Mwaka uliofuata ute ulipungua, na samaki wadogo walionekana tena. Kaltumu sasa anakimbia. Lakini kisima kile bado hakifai kwa watoto wachanga. Sista alisema mbolea iliyozama ardhini inakawia miaka kutoka. Maji yao tunachota pampu ya msikitini, ambako hakuna shamba karibu. Ni mbali. Tunakwenda.

Na mpaka leo hakuna aliyemwomba Jacques radhi. Hilo nalo linanichoma.

Wewe unayesoma, epuka haya:

Usiweke kitalu karibu na maji.

Usizidishe mbolea ili miche isifiwe.

Usitie mbolea wakati mawingu ya mvua yamekusanyika.

Usioshe gunia la mbolea kijitoni. Usiweke chakula ndani yake.

Usifyeke majani yote ya ukingoni.

Usifunge mifugo wala usichimbe choo upande wa juu wa kisima.

Usimpe mtoto mchanga maji ya kisima kilicho chini ya shamba lenye mbolea, hata yakiwa yamechemshwa.

Ukiona midomo ya mtoto ni ya bluu, usikae kutafuta mchawi. Mbebe, uende hospitali.