Viwiko vya Mama

Jumapili hiyo foleni ya tiketi za kwenda kwenye maporomoko ilifika hadi kwenye maegesho, na fundi cherehani alikuwa ameshachoka kukanyagwa miguu alipomwona. Seremala! Yule yule aliyemwacha kwenye mataa wiki tano zilizopita, amesimama langoni na aproni yake ya khaki, penseli sikioni, anacheka na mkata tiketi.

Damu ikamchemka. Hata gauni la buluu alilovaa alilishona siku zile walipokuwa wakipendana. Sasa alijuta kulivaa.

Simu ya mama yake ikaita. Mama, aliyekuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, akaipokea kwa madaha.

"Haloo, mkwe."

"Mama!"

"Anauliza mbona umemfungia simu."

"Mwambie akome."

"Anasema ukome," mama akasema kwenye simu. "Mimi nasema njoo."

Akaja, mbio.

"Mpenzi..."

"Mpenzi wako nani? Siku mama anatoka hospitali uliahidi kumbeba hadi ghorofa ya tatu. Nilikupigia mara kumi na moja! Tulimbeba mimi na jirani, kiatu kikaanguka ngazini. Ulikuwa wapi?"

"Huku bondeni. Mtandao haushiki mpaka upande hapa langoni." Akanyoosha penseli kuelekea njia iliyoshuka nyuma ya lango. "Mama alisema pale wodini atakufa hajaona maporomoko. Njia ilikuwa ngazi tupu. Nikaomba kazi ya kuibadilisha, wakataka nianze siku hiyo hiyo. Nilitaka kuwashtukiza."

"Ulitushtukiza kweli. Nililia mpaka asubuhi!"

Alitaka kumpiga kofi, na alitaka kumkumbatia, na hilo la pili ndilo lililomkasirisha zaidi.

Wakakata tiketi, wakaingia wote watatu. Njia ilikuwa fupi, hatua kama mia mbili, mbao mpya zikinukia na kingo za kushikia zimenyooka pande zote mbili. Mama alijisukuma mwenyewe, kama kawaida yake. Walipofika kwenye kona ya mwisho, ngurumo ya maji ikisikika nyuma ya mwamba, kingo zikasogeleana. Mama akatoa sauti ya maumivu. Viwiko vimebanwa, na vifundo vya vidole vinatoka damu.

"Nilipima," seremala akasema, akiwa amenywea. "Nilikipima kiti pale wodini, mama akiwa amelala."

"Ulipima kiti bila mama! Hujui anajisukuma mwenyewe? Viwiko vyake uliviweka wapi? Siku zote unajifungia na futi yako, humuulizi mtu!"

"Niache nimsukume basi, hatua tano tu."

"Sisukumwi," mama akasema.

"Dada, tusogee jamani," mtu akalalamika nyuma.

"Kaka, subiri au ruka!"

Seremala akachomoa msumeno mkandani. Mlinzi akapuliza filimbi.

"Wee! Hiyo ni mali ya hifadhi!"

"Ni ujinga wake mwenyewe," fundi akamjibu. "Mwache aukate."

Lakini seremala aliuweka msumeno kwenye ukingo bila kupima, naye fundi hakuvumilia kuona kazi inaharibika. Akatoa tepu yake mkobani.

"Ngoja kwanza. Mama, tanua viwiko kama unavyojisukuma." Akapima kutoka kiwiko hadi kiwiko. "Sentimita themanini na nne. Ongeza nne za kupumulia. Hata gauni halibani hivyo."

Seremala akatia alama kwa penseli. Yeye akakata, fundi akashikilia ukingo, wala hawakutazamana. Vipande vilipoanguka, mama akapita bila kugusa popote.

Maji yalikuwa yakianguka meupe toka juu kabisa, na manyunyu yakamlowesha mama uso.

"Kumbe ni makubwa hivi," mama akasema, akaanza kulia.

Fundi akajifuta macho kwa mkono wa gauni.

"Umenisamehe?" seremala akanong'ona.

"Thubutu! Kesho uje nyumbani. Mlango wa bafu haumpitishi mama. Na kabla hujapima chochote, uliza."

"Basi nauliza. Utaolewa na mimi?"

Alimtazama, vumbi la mbao limemganda kwenye nyusi. Hasira ilikuwa bado imemjaa kifuani.

"Nitakubali nikiwa nimenuna hivi hivi. Utaweza?"

"Nitaweza."

"Basi ndiyo. Na usicheke."

Aliyecheka ni mama.